Mjukuu wangu alikataa kuwasha mashine ya maziwa mpaka jiko la Mama Mghoi litoke

Wakuu hamjambo, na nyinyi akina mama mnaosoma humu kimya kimya bila kutoa neno, nawaona pia.

Mimi ni nyanya wa Werugha, huku juu kwenye ukungu. Shule nilitoka darasa la nne nikaenda kulea wadogo zangu, kwa hivyo mkiona mwandiko umepinda, unyoosheni wenyewe mwendelee. Naandika kwa kidole kimoja. Ninayosema hapa niliyaona kwa macho yangu. Nikiongeza chumvi, mjukuu wangu yumo humu, atanivua nguo mbele yenu nyote.

Huyo mjukuu ndiye sababu ya huu uzi.

Anaitwa Wakesho. Ni fundi wa friji. Msichana, fundi wa friji, na ni wangu. Ako na karakana yake ndogo Voi, na hata Kishushe huko kwa barabara za mawe amefika na pikipiki, friji ya dawa imezimika, watu wanamngoja kama daktari. Mkimwona amebeba mtungi wa gesi begani mtasema huyu anaenda kupika. Hapana. Anaenda kupoza.

Sasa sikilizeni.

Sisi akina mama wa huku tuko na kikundi cha maziwa. Kila mmoja na ng'ombe wake mmoja au wawili, wamefungiwa, kwa sababu mashamba yetu ni ya ngazi ngazi. Ukimwachilia ng'ombe ajitembeze utamkuta kwa jirani wa chini, amefika kwa kuviringika.

Maziwa ya jioni na ya asubuhi tunayamimina kwenye tangi moja la kupoza, ndani ya nyumba ya maziwa. Asubuhi lori linapanda kutoka Voi kuyachukua.

Mtu wa lori hana maneno mengi. Anachota kidogo, anatia kwenye kichupa pamoja na spiriti, anatikisa. Yakibaki laini anabeba. Yakishikana vipande vipande anafunga mlango wa lori na kuondoka, na sisi tunabaki tukitazamana na ndoo zetu.

Tangi letu lilikuwa la zamani, tulilirithi likiwa limeshatumika kwingine. Lilipoza vizuri miaka yake. Halafu likaanza kuchoka.

Fundi wetu alikuwa Athumani, mzee wa Voi, mtu wa heshima zake, akija lazima aulize habari za kila mtoto wako kwa jina. Kazi yake ilikuwa hivi. Anafungua kifuniko, anabonyeza mahali, tunasikia fsssss ndefu. Halafu anaunganisha mpira, anajaza gesi mpya, anakunywa chai, anateremka.

Ile fsssss tuliipenda, jamani. Tulidhani ni uchafu wa mashine unatoka, kama mtu aliyevimbiwa. Tukiisikia tunajua maziwa yatapoa.

Lakini kila alipokuja tena, muda ulikuwa umefupika. Mashine ikawa inanguruma mchana kutwa na maziwa yako vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Lori likatukataa. Likatukataa tena. Mtu wa lori akatuambia waziwazi kwamba dereva hawezi kupanda mlima wote huu kuja kutikisa kichupa, tukiharibu mara nyingine atakomea Mwatate huko chini.

Tukampigia Athumani. Safari hii hakuja. Alisema ile gesi tunayotumia, ile ya R22, inaondolewa sokoni, dukani haipatikani ovyo na ukiipata ni bei ya kichaa. Akasema tena, na hapa nampa heshima yake, kwamba yeye alimfundisha Wakesho kushika spana, lakini mambo ya gesi mpya msichana alienda kusomea na yeye mzee hakwenda. Tumwite mjukuu wangu.

Nilipokea hayo maneno mbele ya kikundi kizima. Nilijikaza nisitabasamu. Sikuweza.

Kabla sijaendelea, lazima muijue nyumba ya maziwa jinsi ilivyokuwa, la sivyo hamtaelewa ugomvi.

Werugha asubuhi ni baridi. Nyinyi wa Voi mnaolala na madirisha wazi hamjui. Huku unakamua huku pumzi yako unaiona. Ukifika nyumba ya maziwa vidole haviwezi kufungua kifuniko cha mtungi.

Kwa hivyo katikati ya ile nyumba palikuwa na jiko. Nusu ya pipa, limejaa makaa, limekaa sakafuni karibu kabisa na tangi. Mama anaingia, anamimina maziwa yake, anarudi kwenye jiko kunyoosha mikono, anapiga domo mpaka lori lipige honi. Harusi zimepangwa pale. Watu wamesengenywa pale mpaka masikio yao yakawasha wakiwa Mombasa.

Na mwenye jiko alikuwa Mama Mghoi.

Huyu ndiye mkubwa wetu kwa umri. Alikuwa na ng'ombe mmoja mweusi aliyekufa zamani, na hakununua mwingine kwa kuwa mikono yake imekakamaa, viungo vimevimba kama tangawizi, hawezi kukamua. Kwa hivyo kwa kikundi hana maziwa. Kwa kitabu hayuko.

Lakini kila asubuhi na kila jioni huyo. Anawasha makaa nje, moshi ukiisha anaita wenye nguvu waliingize ndani, anaweka sufuria kubwa ya maji ya kuoshea mitungi, anakaa juu ya kreti ya soda na blanketi magotini. Hakuna aliyemchagua. Hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya nini hapa. Ile kreti ilikuwa kiti chake na ile kazi ilikuwa yake, basi.

Hayo yashikeni.

Nimerudi wakuu, nilienda kumpa ng'ombe majani.

Naona kuna mmoja hapo ameandika kwamba mimi ni kijana wa Nairobi niliyejifanya nyanya. Kijana wangu, njoo Werugha nikuonyeshe magoti yangu.

Mwingine ameuliza kwa nini serikali inaondoa gesi iliyokuwa ikifanya kazi vizuri. Swali zuri, hata mimi nilimuuliza Wakesho hivyo hivyo.

Alinieleza hivi. Huko juu kabisa, juu ya mawingu, kuna kitu kinachotuchujia jua, kama pazia jepesi la dirisha. Ile gesi ya zamani ikitoroka inapanda polepole mpaka huko, na inalila lile pazia. Jua kali linapita bila kuchujwa, linaharibu macho na ngozi ya watu na hata mimea. Ndiyo maana nchi zote zilikubaliana kuiacha.

Nikamwambia, "Sisi huku Werugha jua tunalitafuta na tochi. Lije hata bila kuchujwa."

Akacheka. Akasema, "Nyanya, pazia ni moja tu. Hakuna la Werugha na la Voi."

Nikakumbuka zile fsssss zote tulizofurahia.

Basi Wakesho akapanda. Akapaka povu la sabuni kwenye mabomba ya tangi, povu likachemka mahali pamoja, hapo ndipo gesi ilikuwa ikitoroka miaka yote. Kila tulipojaziwa ilikuwa ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na mashine yenyewe, akasema, imezeeka, tukiziba hapa patatoboka pale.

Tulimngoja afungue ile fsssss. Hakuifungua. Alileta kijimashine na mtungi mtupu, akaunganisha mipira, akainyonya ile gesi ya zamani yote ikaingia mtungini, akafunga, akaandika kibandiko. Chumba kimya. Chairlady wetu akauliza kwa sauti ya huzuni kabisa, "Na leo haitoi sauti?"

Ule mtungi ulirudi naye Voi, kwa wanaojua pa kuupeleka.

Mashine mpya tulichanga, na mradi mmoja wa vikundi vya maziwa ukatujazia palipopungua. Mradi ulikuwa na sharti moja tu, kwamba mfungaji awe fundi aliyesomea hiyo gesi.

Tangi likabaki lile lile kwa umbo, ila mabomba ya baridi yakabadilishwa, na ile mashine inayonguruma haikai tena ndani. Ilifungwa nje ukutani, upande jua linakochomoza, ndani ya kizimba cha waya. Gesi yake ni nyingine kabisa. Haili pazia. Wenyewe wanaiita R290, na kidogo tu inatosha.

Lakini inashika moto.

Ndiyo. Ni ndugu wa karibu na ile unayopikia. Kwenye mashine pamebandikwa pembetatu ya njano na ulimi wa moto ndani yake. Akina mama walicheka, wakasema kazi ya msichana wa Mama Mwakio imeingia kichaa, mashine ya kuleta baridi imechorwa moto. Mama Mwakio ni mimi.

Wakesho hakucheka. Alitoboa ukuta chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, akaweka wavu. Akahamisha swichi zote nje. Halafu akasimama mlangoni, akalitazama lile jiko katikati ya chumba, Mama Mghoi akiwa juu ya kreti yake, na makaa yamewaka vizuri.

Akasema hilo haliwezi kukaa humu tena. Si leo, si kesho.

Mimi nyanya yake nikamvuta kando. Nikamwambia jiko hili lina umri kuliko wewe. Akanieleza kwa upole kwamba ile gesi ya kwanza haikuwa na shida na moto, ndiyo maana jiko na tangi waliishi kama mke na mume. Hii mpya ni nzito kuliko hewa. Bomba likivuja usiku haipandi, inateremka na kulala sakafuni, kama ukungu wetu unavyolala bondeni asubuhi. Na jiko letu linakaa wapi? Sakafuni. Mama Mghoi anakaa wapi? Hapo hapo.

"Inaweza isivuje miaka kumi," akasema. "Lakini nikikosea mimi, yule wa kwanza kuungua ni yeye."

Chairlady akaingilia. Alikuwa na haraka, maziwa ya jioni yalishaanza kufika, mitungi imepangwa mlangoni, na kesho lori linakuja kwa mara ya mwisho kutupima. Akasema, "Wewe washa tu, mambo ya jiko tutazungumza kwa mkutano."

Wakesho akasema, "Sitawasha."

"Maziwa yataharibika."

"Najua."

"Lori likitukataa kesho ndiyo basi."

"Najua, mama. Sitawasha."

Akakaa juu ya sanduku lake la vyombo. Wakuu, nilimzaa baba yake, naujua huo ukaidi ulikotoka, lakini siku hiyo ulinitia jasho kwenye baridi. Wanawake wakaanza. Mmoja akasema shemeji yake Voi alijaziwa gesi ya kupikia kwenye friza ya zamani na inapoza mpaka leo, na jikoni kwake moto unawaka, sasa huyu mtoto anatutisha na nini? Mwingine akasema ndiyo shida ya kumwachia msichana kazi ya wanaume. Huyo nilimtazama. Alitazama kando.

Chairlady akampigia Athumani, akaweka simu loudspeaker ili msichana aaibishwe mbele ya watu na mwalimu wake mwenyewe.

Mzee akatusalimu kwanza, akauliza habari za watoto, tukaitikia tukiwa tumekasirika. Chairlady akaeleza. Athumani akauliza kitu kimoja tu.

"Jiko limo ndani?"

"Limo."

"Basi mimi nisingepanda hata hicho kilima. Mwanangu Wakesho, uko hapo?"

"Niko, mzee."

"Kaa hapo hapo ulipokaa."

Halafu akatuambia habari ya hizo friza za kujaziwa gesi ya kupikia. Friza ya zamani haikuundwa kwa gesi inayowaka, ndani yake swichi inatoa cheche kila inapojiwasha. Yeye aliwahi kuitwa kutengeneza moja ya aina hiyo, akakuta imelipuka, mlango wake uko ng'ambo ya barabara. Mwenyewe alikuwa ametoka kununua mkate, ndiyo pona yake. Akasema huyo shemeji aambiwe leo, si kesho.

Simu ikakatika. Maziwa pale mlangoni yanapumua mvuke.

Sasa wote wakanitazama mimi. Kwa sababu fundi ni mjukuu wangu na Mama Mghoi ni rafiki yangu, ilionekana hiyo kazi ni yangu. Nikamwendea. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Hata sikufungua mdomo.

Mama Mghoi alikuwa amesikia yote, masikio yake hayana ugonjwa. Alisimama kwa kushika ukuta. Akachukua kreti yake.

Akasema, "Toeni. Nyinyi mnataka baridi, mimi nataka moto. Hatuwezi kulala nyumba moja."

Tukalitoa lile jiko. Wakesho akafungua milango, akangoja chumba kitulie, akapima kila kona na kimashine chake cha kunusia gesi, akatoka nje, akawasha. Ilinguruma kidogo tu, kama paka. Asubuhi mtu wa lori alitikisa kichupa chake, akatazama, akatikisa tena kana kwamba haamini, akaanza kubeba maziwa.

Wanawake walipiga vigelegele. Nami nilipiga. Lakini nilipogeuka kutafuta wa kumshika mkono, mahali pa kreti palikuwa sakafu tupu.

Nitasema ukweli, tulifikiria. Hatukuwa wabaya. Tulijenga kibanda cha mabati ng'ambo ya njia, mbali na mashine jinsi Wakesho alivyopima, tukaweka jiko pale na sufuria ya maji. Mama Mghoi akapewa kiti cha plastiki chenye mgongo. Tukasema mambo yamekwisha.

Hayakwisha.

Nyumba ya maziwa ndiko kulikuwa na watu. Ndiko mizani, ndiko foleni, ndiko maneno. Kule kibandani mama anakwenda mbio, anachota maji ya moto, anasema umeamkaje mama, anarudi mbio. Mama Mghoi anabaki na moto wake peke yake kama mlinzi wa mahindi.

Halafu siku moja hakuja. Mtu mwingine akawasha makaa. Siku iliyofuata pia hakuja.

Nilikwenda kwake. Nilimkuta kitandani amejifunika, saa ambayo zamani angekuwa amenisengenya mara mbili. Nikamuuliza ni mikono? Akasema ni usingizi tu, siku hizi usingizi umekuwa mtamu. Mama Mghoi! Mtu aliyeamka kabla ya kuku maisha yake yote.

Nikamwambia tunamkosa. Akasema maji anaweza kuchemsha mtu yeyote. Kisha akageukia ukuta.

Niliteremka njiani nikilia, na sioni haya kuwaambia. Nilimpigia Wakesho, nikamwambia mashine yako inapoza mpaka watu. Maneno makali, najua. Akasema, "Nyanya, ningeiwasha akaungua ungeniambia nini?" Alikuwa sawa, na mimi nilikuwa na uchungu, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Sasa ndiyo aingie kuku.

Jirani wa nyumba ya maziwa ana kuku mmoja mwekundu, mkorofi, mwizi wa unga. Nikaanza kumwona kila asubuhi amelala ndani ya nyasi, pale nje karibu na kizimba cha mashine. Kila asubuhi pale pale. Nikasema huyu ataingiza manyoya kwenye mashine ya mjukuu wangu. Asubuhi moja nikaenda na fimbo.

Nilipoinama kumfukuza, nikahisi kitu miguuni.

Joto.

Siyo la moto. Upepo wa vuguvugu, mkavu, unapuliza kutoka kwenye mashine taratibu, kama pumzi ya ng'ombe ukiwa umemwegemea. Nikaweka mkono. Nikaweka na wa pili. Kuku ananitazama kwa hasira, nimechukua mahali pake.

Nilisimama hapo mpaka nikasahau kumimina maziwa yangu. Kisha nikampigia Wakesho tena, safari hii bila ukali. Nikamuuliza kama hilo joto ni ugonjwa wa mashine.

Akasema hapana, ndivyo inavyofanya kazi. Friji haitengenezi baridi, inalitoa joto mahali na kulitupa mahali pengine. Nikauliza mtu akikaa hapo atadhurika? Akafikiria. Akasema hapo ni nje, hewa inapita, mradi hakuna moto, hakuna sigara, na mtu asizibe waya. Halafu akaelewa ninachouliza.

Alipanda Jumamosi hiyo hiyo. Hakuitwa kazi, alikuja mwenyewe. Alirefusha ukingo wa bati kuzuia manyunyu, akapima umbali, akapigilia benchi ndefu ya mbao pembeni ambapo upepo unapita bila kuzuiwa. Mizani ya maziwa tukaitoa nje, chini ya bati, karibu na benchi. Hiyo ilikuwa akili yangu, mniandikie mimi. Mizani ikienda, foleni inaifuata, na foleni ikienda, maneno yanakwenda nayo.

Mama Mghoi nilimdanganya kwamba kuna mtoto wa fulani ana mimba. Hiyo haijashindwa hata siku moja. Alikuja na fimbo yake na blanketi, amenuna, anauliza mimba iko wapi.

Nikamkalisha kwenye benchi. Wakesho yuko hapo. Mashine imekaa kimya, haifanyi kitu. Mama Mghoi akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

Halafu chairlady akaja na mtungi wake, akapima, akaingia ndani akamimina. Baada ya muda mfupi mashine ikanguruma, feni ikaanza, na ule upepo ukamfikia.

Aliinua mikono yake ile ya tangawizi, akaishika mbele yake. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akatazama chini ya benchi kutafuta makaa.

"Hili linatoka wapi, na nyinyi mlisema hakuna moto?"

Wakesho akachuchumaa mbele yake. "Ni la maziwa, nyanya. Maziwa yanaingia na joto la ng'ombe. Mashine inalitoa kule ndani, inalileta huku."

Mama Mghoi akafikiria hilo sana.

"Kwa hivyo hili ni joto la ng'ombe wa chairlady."

"Ndiyo."

"Mbona kidogo? Hamlishi?"

Tulicheka mpaka chairlady akatoka ndani kuuliza kuna nini, na tukamwambia, naye akacheka akijitetea kwamba ng'ombe wake ana ndama.

Hiyo ndiyo habari yangu, wakuu. Maji ya mitungi bado yanachemka kule kibandani, tunapokezana zamu. Jiko halijarudi ndani na halitarudi. Lori linakuja.

Nilichojifunza nitakisema bila kuzunguka. Fundi akitaka kuachilia gesi ya zamani hewani, mzuie, aje na mtungi wake ainyonye. Mwenye kukujazia gesi ya kupikia kwenye friji ya zamani, mfukuze, hata kama ni shemeji. Mashine mpya ikiwa na ile pembetatu ya moto, itafutieni fundi aliyesomea, na mfuate anavyosema hata kama maneno yake yanawauma. Na mkibadilisha mashine, tazameni nani alikuwa amekaa karibu na ile ya zamani, na mumtafutie mahali kabla hajaenda kulala.

Sasa niambieni nyinyi. Kwenu walibadilisha gesi? Mliambiwa nini, na nani alikosa mahali? Na kama kuna fundi humu anayeona Wakesho alikosea mahali, aseme kwa adabu, nyanya anasoma.

Mimi naenda kukamua. Nikichelewa nitasikia makelele. Mama Mghoi siku hizi anafika wa kwanza, anakaa kwenye benchi na yule kuku mwekundu ubavuni, na ukitokea tu kwenye ukungu na mtungi wako kichwani anakupigia kelele kabla hujamsalimu:

"Mimina, mama, mimina. Mikono inaniuma."